Daftari la Sista

Kwetu Mukuru kwa Njenga, daftari nene la jalada jeusi lilikuwa na kazi moja: kuandikia madeni. Mwenye duka alikuwa nalo kando ya mizani. Muuza maji alikuwa nalo. Mama pima, muuza chang'aa, alikuwa nalo pia, ila lake lilijua kujificha polisi walipopita. Kwa hiyo Januari 1996, Mama aliponipeleka shule ya masista na kukuta daftari la aina hiyo hiyo limefunguliwa mezani mbele ya Sista, alirudi nyuma hatua moja.

"Hata hawa?" alininong'oneza.

Hata hao. Karo ilikuwa shilingi 150 kwa muhula, uji wa saa nne ukiwa ndani yake. Mama hakuwa nazo, na aliposema hivyo alidhani mazungumzo yamekwisha, maana umaskini wetu haukuhitaji barua ya chifu. Sista alimtazama kidogo, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu lote, la kwanza hadi la ukoo, kisha akauliza, "Mama, Jumamosi unaweza kuja kutuchagulia maharage?"

Kila Jumamosi ingehesabiwa shilingi 20. Mama alikubali kwa kukosa njia, lakini tulipokuwa tukirudi nyumbani alilalamika mpaka tukavuka reli. Misaada inatoka Ulaya, imejaa stoo, halafu yeye akachambue maharagwe? Watu wa Mungu gani wanaotoza? Mama alikuwa mtu wa Vihiga, wa kanisa la Marafiki, na kwake masista walikuwa wageni mara mbili, kwa vazi na kwa dini. Sista hakuwahi kumuuliza anasali wapi. Alichotaka kujua ni kama macho yake bado yanaona vijiwe vidogo.

Sista huyo alikuwa Mtanzania, mtu wa Moshi, na Kiswahili chake kilitupa burudani ya bure. Hakusema "leta kitabu". Alisema "naomba kitabu chako", na darasa zima likaangua kicheko. Nairobi hata dukani mtu husema "nipe mkate" na mwenye duka hanuni. Anayeomba ni ombaomba, yule wa kukaa chini kando ya barabara na kikopo. Sasa mtu mzima, msalaba shingoni, funguo za stoo ya unga kiunoni, anaomba nini kwa watoto wenye pua chafu? Tulimpa jina la Sista Naomba, kwa siri ambayo sidhani ilidumu wiki.

Nilipokuwa mkubwa nikasafiri hadi Arusha ndipo nikagundua kwamba kwao hiyo ni adabu ya kila siku, hata chai hotelini huombwa. Lakini lile jina la utani lilikuwa limeona kitu. Aliyeshika funguo ndiye aliyekuwa akiomba. Mama yangu, aliyekuja mikono mitupu, hakuruhusiwa kuomba. Aliruhusiwa kulipa.

Mukuru kwa Kikuyu ni bonde, na bonde lenyewe ni la mto Ngong, unaopita nyuma ya viwanda vya Nairobi ukiwa na rangi ya chochote kilichomwagwa siku hiyo. Mabati yetu yalikuwa yamesimama juu ya ardhi ambayo kwenye hati ilikuwa ya watu wengine kabisa. Alfajiri watu walimiminika kwa miguu kwenda kujipanga kwenye mageti ya viwanda, wakingoja kibarua cha siku. Msimamizi hakuita jina la mtu. Alinyoosha kidole: wewe, wewe, na yule wa shati jekundu. Baba alikuwa "yule wa shati jekundu" kwa miaka mingi. Shati lenyewe lilipochanika alitafuta lingine la rangi hiyo hiyo, asije akasahaulika.

Masista walikuwa wamefika bondeni kabla yetu. Wale wa shirika la Mercy, ambao mwaka 1962 walifungua Hospitali ya Mater kule South B, walianzisha Mukuru Promotion Centre mwaka 1985, wakafungua shule, zahanati na mafunzo ya ufundi. Mashirika mengine nayo yalikuwako, kila moja na rangi yake ya kilemba, na sisi watoto tuliyatofautisha kama wengine wanavyotofautisha timu za mpira. Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Kufikia hapo masista walikuwa wameshatembea kwenye tope lile na madaftari yao zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka wangu wa pili nilikosa shule siku nne mfululizo. Kulikuwa na wavulana waliookota vyuma chakavu kando ya mto wakauza kwa kilo, nami nilikuwa nimeonja utamu wa sarafu zangu mwenyewe. Siku ya tano, mvua ikinyesha, nikamwona Sista akishuka kwenye ujia wetu: gambuti nyeusi, mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Akaingia, akakaa juu ya mtungi wa maji kwa kuwa kiti chetu kimoja kilikuwa na nguo, akafungua ukurasa.

"Mbele ya jina lako nina nafasi nne tupu," alisema. "Naomba uniambie niandike nini."

"Nilikuwa mgonjwa, Sista."

"Ugonjwa gani? Niandike jina lake."

Mikono yangu ilikuwa imejaa kutu. Niliificha mgongoni, nikanyamaza. Yeye naye akanyamaza, na mvua juu ya bati ikasema kwa niaba yetu sote. Mwishowe nikasema, "Vyuma." Akaandika neno hilo mara nne, moja kwa kila siku. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiboko. Badala yake aliuliza kilo moja wananunua kwa bei gani, nikamwambia, akapiga hesabu kidogo kidoleni, akasema wananipunja. Jumatatu nikarudi shule. Sikurudi kwa sababu ya hotuba, maana hakuitoa. Nilirudi kwa sababu nilijua kwamba mahali fulani chini ya anga hii, nisipofika, kunabaki nafasi tupu yenye umbo langu, na kuna mtu atakayevaa gambuti kuja kuuliza ijazwe nini.

Nimekuwa nikifikiri sana juu ya orodha za majina tangu nilipoanza kusoma habari za Mwenyeheri Irene Stefani. Alikuwa mtawa wa Consolata, Mwitaliano, aliyefika Kenya mwaka 1915, Vita Kuu ya kwanza ikiwa imewaka. Waingereza walikuwa wakiwakusanya Waafrika kubeba mizigo ya jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, ndiko lilikotoka jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor yetu ya Nairobi. Irene aliwauguza wapagazi hao Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Na vita vilipokwisha, mishahara mingi ya waliokufa haikulipwa kwa yeyote, kwa sababu jamaa zao hawakujulikana. Mtu aliandikwa vibaya, au alibaki namba, na jasho lake likarudi hazina.

Baada ya vita Irene alipelekwa Gikondi, Nyeri. Huko watu wanamkumbuka kwa mengi, wakamwita Nyaatha, mwenye huruma, lakini mimi nimeshikwa na jambo moja dogo: aliandika barua. Vijana walikuwa wameondoka kwenda kutafuta kazi mijini, wazazi hawajui kusoma, naye akawa kalamu yao, akaandika ya wazazi na kuwasomea ya watoto. Alikufa Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia. Alitangazwa mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Mtu aliyeona wapagazi wakipotea bila anwani, kisha akatumia miaka yake iliyobaki kuandika anwani za watu kwenye bahasha. Huenda naunganisha visivyoungana. Lakini mtoto wa yule wa shati jekundu ataachaje kuviunganisha?

Sitaki msomaji adhani kwamba kila daftari lililo mikononi mwa mtawa ni jema. Shirika la Mercy lilianzishwa Dublin mwaka 1831 na Catherine McAuley, mwanamke aliyerithi mali akaitumia kujenga nyumba ya wasichana maskini. Watawa wengi wa siku zile walikaa nyuma ya kuta. Wake walizunguka mitaani hata watu wakawaita masista watembeao. Inasemekana hata akiwa kitandani mwa mauti, Novemba 1841, alikumbuka kuagiza masista wapewe chai nzuri yeye akishafariki, jambo ambalo Mama, aliyeamini msiba bila chai ni matusi, angelielewa upesi. Lakini katika nchi hiyo hiyo ya Ireland, baadaye, mashirika kadhaa ya watawa, hilo likiwamo, yaliendesha nyumba za kufulia ambamo wanawake walifungiwa na kufanyishwa kazi bila malipo. Baadhi yao walivuliwa hata majina yao wakapewa mengine. Mwaka 1993 shirika moja, si la McAuley, liliuza ardhi yake Dublin na makaburi ya wanawake hao yakafukuliwa. Kibali kilitaja miili 133. Ikapatikana 155. Serikali ya Ireland ilikuja kuomba radhi kwa nyumba hizo mwaka 2013.

Ishirini na wawili wasiokuwamo kwenye karatasi. Kila ninapokumbuka tarakimu hiyo nawaza kwamba vazi si hoja, wala sala peke yake si hoja. Wale nao walisali asubuhi na jioni.

Mtaani kwetu palikuwa na utani: nadhiri ya umaskini wameiweka wao, kuitimiza wametuachia sisi. Utani wenyewe ulikuwa na ukweli wake. Nyumba ya masista ilikuwa ya mawe, ina tangi la maji, ina ukuta uliopandwa vigae vya chupa juu. Moto ulipowaka mabatini usiku, na Mukuru moto si habari ngeni, wao waliamka wakiwa na paa. Nikiwa darasa la saba, kichwa kimeanza kujaa upepo, nilimrushia Sista utani huo usoni. Hakucheka, hakununa.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Mimi nikiugua kuna shirika la kunitibu. Mama yako akiugua ana nani?" Akarudi kwenye hesabu zake.

Sikupata jibu siku ile. Jibu lilikuja kunipiga nikiwa mtu mzima, na halikutoka kanisani.

Kiswahili kina neno ambalo kila aliyelelewa nyumba ya watu analijua: masimango. Unakula ugali wa shangazi, kisha siku ya ugomvi unahesabiwa kila tonge. Anayesimanga hana daftari, na hapo ndipo penye sumu. Deni lenye tarakimu lina mwisho. Ukilipa, unanyoosha mgongo. Fadhila isiyoandikwa haina mwisho. Mwenye nayo huikuza kila anapoitaja, na aliyeipokea hana pa kuonyesha kwamba amemaliza.

Mdogo wangu, aliyezaliwa mwaka ule ule nilioanza shule, alipata nafasi ya kusomea uuguzi mwaka 2015. Mimi nilikuwa na kazi, nikamlipia karo yote. Sikuandika mahali. Nilijiona mtu mwema zaidi kwa kutokuandika: ndugu na ndugu wanaandikiana? Lakini kila Krismasi tulipokutana Vihiga nilipata njia ya kulitaja jambo hilo. Mara ni mzaha mbele ya wajomba, "huyu daktari wangu nimemnunua ghali." Mara ni kumwagiza maji ya kunawa na kuongeza kwamba si bure. Yeye alicheka. Nilidhani anacheka.

Alipoajiriwa, mwezi wa kwanza simu yangu ilipokea shilingi 5,000 kutoka kwake, bila neno. Mwezi wa pili tena. Nikampigia.

"Za nini hizi?"

"Nakulipa, kaka."

"Mimi nilikudai lini?"

"Kila Krismasi."

Nikajitetea, nikacheka, nikakasirika kidogo. Aliningoja nimalize. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya wauguzi wanapokuambia ukae, "Jumla ni ngapi?" Sikujua. Nilikuwa nimelipa huku na kule, leo kwa benki, kesho kwa simu, nauli, viatu, godoro. "Basi nitalipa mpaka lini?" akauliza, na simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Usiku ule nilimwona Mama kwa macho mapya. Nikamwona Jumamosi kwenye veranda ya stoo, ungo magotini, pamoja na wanawake wengine kumi na kitu, wakichambua maharagwe na kuwasema vibaya masista kwa Kiluhya, Kikamba na Kijaluo, na masista wakipita wanasalimia kana kwamba hawasikii. Alikuwa akirudi nyumbani akiwa mkali na amechoka, lakini hajainama. Hakuna sista aliyewahi kumwambia, wala kunikumbusha mimi, kwamba nilisomeshwa kwa huruma. Wangesemaje? Daftari lilionyesha vingine. Mama alimdai Sista heshima kama fundi anavyomdai mwenye nyumba, na aliipata. Siku moja alimkaripia kwa kuleta gunia lenye fukusi, na Sista akaomba radhi. Ombaomba hawezi kulikataa gunia.

Na mimi, ndugu wa damu, mwenye mshahara na nia njema, nilikuwa nimempa mdogo wangu msaada mkubwa kuliko ule na kumfanya mdogo zaidi. Tuliketi naye baadaye, tukatafuta karatasi tulizoweza, tukakubaliana jumla, tukakubaliana pia kiasi ambacho kaka anapaswa kutoa na hakihesabiwi. Amekwisha kulipa. Siku hizi ananipigia simu bila sababu, jambo ambalo lilikuwa limekoma.

Mama alifariki mwaka 2023, tukamzika Vihiga. Kabla ya jeneza kushushwa, mzee wa familia alisimama kama ilivyo desturi akauliza kama kuna aliyemdai marehemu, ajitokeze leo, asije kutusumbua kesho. Hakutokea mtu. Ndipo mama mdogo akanyanyua mkono, akasema si yeye anayedai, ila dada yake alikuwa akisema mara kwa mara kwamba alibakiza hamsini ya Sista kule Mukuru. Watu wakacheka kwa upole wa msibani. Mimi sikucheka.

Wiki mbili baadaye nilikwenda. Sista Naomba alikuwa amerudi Moshi miaka mingi nyuma. Ofisini nilimkuta sista kijana, Mkamba wa Kitui, mwenye kompyuta na simu mbili. Nilimweleza nikidhani ataona ni kichekesho. Aliuliza mwaka, akachukua ufunguo, akafungua kabati la chuma. Madaftari meusi yalikuwa yamepangwa humo kwa miaka, migongo imetiwa gundi na karatasi ya khaki. Haikumchukua robo saa.

Ukurasa ulikuwa na jina langu lote. Chini yake, vijistari ishirini vya kalamu ya bluu, kila kimoja na tarehe ya Jumamosi. Karo ya mwaka, 450. Zilizolipwa, 400. Baada ya Jumamosi ya mwisho palikuwa na maneno kando kwa penseli nyekundu, mwandiko ninaoufahamu: "Amejifungua binti. Asidaiwe kwa sasa." Hiyo "kwa sasa" ilikuwa imedumu miaka 27.

Nikatoa simu, nikasema nataka kutuma 5,000. Sista kijana akatikisa kichwa. Deni ni 50, alisema. Nikitaka kutoa sadaka, hiyo ina kitabu chake na namba yake nyingine, hazichanganywi. Nikatuma 50. Alingoja ujumbe uingie kwenye simu yake, akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya hesabu ya Mama, akaandika tarehe.

Kisha akaniuliza kama nahitaji risiti. Nilihitaji. Ninayo mpaka leo, imeandikwa kwa jina la Mama.